Stelingi Hafi: Maneno juu ya Nguvu ya Shujaa

Mazungumzo na viongozi wa walei na wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo, Ruaha Mbuyuni



Wapendwa viongozi wa jumuiya, akina mama na akina baba, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti.

Jumapili moja baada ya Misa, mtoto mmoja wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza alinijia akiwa amejifunga khanga ya mama yake shingoni, ikining'inia mgongoni kama joho. Akaniuliza, "Baba Paroko, kati ya Samsoni na yule wa sinema anayeruka angani, nani mwenye nguvu zaidi?" Nilicheka, nikampa jibu la haraka ambalo leo hata silikumbuki. Lakini swali lake halikunitoka. Nimelibeba kwa muda mrefu, na leo, kwa kuwa tumekutana kuzungumza habari za haki, naona afadhali nilijibu mbele yenu.

Vijana wa mabanda ya video wana kanuni yao: stelingi hafi. Apigwe risasi, atumbukizwe mtoni, gari lilipuke yeye akiwa ndani, mtazamaji hatishiki, maana anajua mkanda bado una saa nzima. Siku hizi picha hizo zimehamia katika simu, lakini kanuni ni ile ile. Basi nami nauliza: mtu asiyeweza kuumia, ujasiri wake uko wapi? Yule ambaye risasi humgonga kifuani ikaanguka chini kama punje ya mahindi hahitaji moyo wa ushujaa. Anahitaji nafasi tu ya kupita.

Sisemi hayo kwa kuzidharau hadithi hizo. Superman, ambaye ndiye kama babu wa ukoo huu wote, alichapishwa kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1938. Walimbuni vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa familia za Kiyahudi zilizokuwa zimehama kutoka Ulaya. Zilikuwa nyakati za dhiki na ukosefu wa kazi. Na katika toleo lile la kwanza shujaa huyo hapigani na majitu ya sayari nyingine. Anamwokoa mwanamke asiye na hatia asiuawe kwa hukumu ya makosa, anamkomesha mwanamume anayempiga mkewe, kisha anamwandama mtu anayewatumia wanasiasa kwa hila. Tume yetu ya Haki na Amani ingeweza kumpa kazi! Majitu yalikuja baadaye, na kwa maoni yangu hapo ndipo hadithi ilipopungukiwa.

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta jabari. Waswahili wa pwani ya kaskazini ya Kenya wanaye wao, Fumo Liongo, ambaye masimulizi yake yamedumu kwa karne nyingi. Alikuwa na nguvu nyingi, hodari wa upinde, tena mtunga mashairi. Silaha haikumdhuru, isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Mfalme alimwogopa, akamfunga kwa minyororo.

Sasa tazameni jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita upesi. Jabari huyu hakuikata minyororo kwa misuli yake. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, na walinzi walikuwa wakijichukulia kilicho kizuri. Ndipo mama akaoka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani yake. Walinzi waliudharau mkate ule wa makapi, wakauacha upite. Liongo akapata tupa, akakata chuma, akatoka. Basi ni nani aliyekuwa na nguvu siku ile? Angegunduliwa yule kijakazi njiani, hakuna sindano ya shaba ambayo ingehitajika kwake. Fimbo ya kawaida ingetosha. Alijua hivyo, akaenda.

Na mwisho wa Liongo nao una fundisho lake. Mwanawe mwenyewe alishawishiwa na adui, akaipata siri, akamchoma akiwa usingizini. Liongo akaamka, akashika upinde, akaenda hadi kisimani, akapiga goti na kuvuta mshale, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji walimwona kwa mbali wakadhani yu hai. Kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kuteka maji, hata mama yake akaletwa kumbembeleza, mpaka maiti ilipoanguka. Wengine husifu picha hiyo: hata akifa, anaogopwa. Mimi kila nikiisikia huwafikiria wanawake waliosimama na mitungi mitupu. Hapa Mbuyuni tunalijua jua la bonde hili, na tunajua siku moja bila maji ni kitu gani. Nguvu inayowazuia wenye kiu wasifike kisimani, hata ikiwa ya mtu mwema aliyedhulumiwa, imeshageuka kuwa kitu kingine.

Tamaa ya kutodhurika imewahi kutugharimu sana katika nchi hii. Mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjekitile Ngwale aliwapa watu maji akiwaahidi kwamba risasi za Wajerumani zitakuwa maji. Simlaumu kwa kuwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya dhuluma ya kulimishwa pamba kwa kiboko. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini bunduki za mtambo kule Mahenge hazikugeuka maji. Kinjekitile mwenyewe alinyongwa Agosti mwaka ule ule, na njaa iliyofuata baada ya mashamba kuchomwa iliua watu wengi kuliko risasi.

Mtaniuliza, na Mkwawa je? Sitaki kuondoka Iringa nikiwa sijamtaja. Ushindi wa Lugalo wa mwaka 1891 kila mtoto anaujua. Mimi nastaajabia zaidi miaka karibu minne baada ya Kalenga kuanguka mwaka 1894, ambapo Wajerumani walimwinda porini wakatangaza rupia 5,000 kwa atakayewaletea kichwa chake. Watu wasio na majina katika vitabu walimlisha na kumficha mpaka mwaka 1898. Walikuwa na njaa, na rupia zilikuwepo.

Nataka sasa kuwaeleza habari za kijana mmoja wa wakati wetu, aliyefanya kazi ya kukagua mizigo. Nimemchagua kwa makusudi, maana sisi tunaishi kando ya barabara kuu, na mizigo ndiyo maisha yetu.

Aliitwa Floribert Bwana Chui. Jina la Bwana Chui lingefaa sana kwa stelingi, lakini yeye hakuwa na makucha. Alizaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 1981. Alisoma chuo kikuu, akawa mmoja wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, na muda wake wa mapumziko aliutumia pamoja na watoto wa mitaani. Akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia mpakani. Ikaja shehena ya chakula kilichoharibika. Wenye mzigo walimpa fedha apitishe; akakataa. Wakaongeza, akakataa. Wakatishia; akashikilia msimamo wake. Alijua chakula kile kingeliwa na maskini wa Goma, wakiwemo wale watoto wake. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, Kanisa lilimtangaza mwenye heri katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma.

Angalieni kwamba hakumpiga mtu yeyote. Alichofanya ni kutotia sahihi. Mkono ule uliobaki mezani bila kuandika uliwakinga watu ambao hawakupata hata kujua kwamba walikuwa hatarini.

Na sisi? Msimu uliopita wa vitunguu, mama mmoja mjane wa kigango hiki alikataa lumbesa. Alisema, gunia langu litashonwa hapa linapoishia, sitaliwekea kilemba juu. Sheria ya vipimo iko upande wake, wote tunajua. Wanunuzi hawakugombana naye. Walimruka tu, wakaenda kwa jirani. Siku tatu vitunguu vyake vilikaa chini ya turubai, na mvua ikanyesha. Majirani walimwita mkaidi. Alikuja kwangu jioni ya siku ya tatu. Nami nilimwambia awe na subira, nikamwahidi kumwombea, nikaharakisha kwenda kwenye kikao ambacho hata ajenda zake nimezisahau. Siku ya nne aliuza kwa lumbesa kama wengine wote. Nililiona lori lile likiondoka kuelekea Kitonga.

Ndugu zangu, mama yule alikuwa na nguvu za kutosha kwa siku tatu. Zaidi ya hapo ilikuwa zamu yetu, nasi hatukuwepo. Nimeungama jambo hilo kwa Mungu, na leo naliungama kwenu, kwa ruhusa yake, maana yumo humu ukumbini.

Mzani ulionunuliwa kwa michango ya Kwaresima umefika, umehifadhiwa sakristia. Jumatano magari ya wanunuzi yanaingia. Mama ameniambia kwamba gunia lake ndilo litakalopimwa kwanza. Atakayerukwa yeye, tumekubaliana na viongozi wa jumuiya tatu kwamba na wao hawatauza siku hiyo. Jumuiya nyingine bado hazijajibu. Mimi nitakuwa sokoni tangu saa kumi na mbili asubuhi, na nahitaji watu kumi wa kusimama karibu na mzani, bila fimbo, mpaka jioni. Karatasi ya majina iko kwa katibu, pale mlangoni.