MAJI YA MOTO NYUMBANI: KUPUNGUZA KUNI, MKAA NA UMEME KATIKA MWAMBAO WA KYELA



Inafahamika kwamba Kyela ni nchi ya joto. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na mgeni anayeteremka kutoka Tukuyu huvua koti kabla hajafika tambarare ya mpunga. Kwa hiyo huenda akauliza: watu wa huku wana haja gani na maji ya moto?

Mwenyeji anajua jibu. Mtoto mchanga huogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, na mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto. Wazee huhitaji maji ya moto asubuhi za Juni na Julai, upepo unapovuma kutoka ziwani. Kuna chai ya alfajiri, kuna mgonjwa wa homa, na kuna maji ya kunywa yanayopaswa kuchemshwa katika wilaya ambayo imewahi kutembelewa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Hivyo karibu kila nyumba huwasha moto kwa ajili ya maji, kila siku, mwaka mzima. Gharama yake haionekani kwa sababu huingia kidogo kidogo: tita moja la kuni leo, kopo la mkaa kesho, uniti chache za umeme keshokutwa.

Jambo linalopaswa kueleweka kwanza ni hili: joto ambalo maji yanahitaji ni dogo, bali joto linalopotea njiani ni kubwa. Anayeziba upotevu huo hupunguza gharama bila kujinyima maji ya moto.

KIPIMO CHA JOTO

Ndoo ya lita 20 yenye maji ya nyuzi 25 za Sentigredi, ikipashwa hadi nyuzi 40 zinazotosha kuoga, huhitaji joto linalolingana na thuluthi moja hivi ya uniti ya umeme. Ndoo hiyo hiyo ikichemshwa hadi itokote huhitaji uniti moja na robo tatu, yaani mara tano. Basi anayechemsha ndoo nzima, kisha akaiacha ipoe ndipo aoge, amelipa gharama ya ndoo tano kwa kuoga ndoo moja.

Njia iliyo bora ni rahisi. Lita nne za maji yanayochemka zikichanganywa na lita 16 za maji ya nyuzi 25, hupatikana ndoo kamili ya nyuzi 40. Inatosha basi kuchemsha sufuria ndogo, yenye kifuniko. Kwa usalama wa watoto, maji baridi hutangulia kumiminwa katika beseni, na ya moto hufuata, kisha mzazi hupima kwa kiwiko cha mkono kabla ya kumtia mtoto.

KUNI, MKAA NA JIKO

Moto wa mafiga matatu ulio wazi hupeleka kwenye chungu sehemu moja, au moja na nusu, kati ya sehemu kumi za joto lililomo katika kuni. Sehemu zinazobaki huchukuliwa na upepo na moshi. Kwa hesabu hiyo, kuchemsha ndoo moja ya lita 20 huteketeza kati ya kilo mbili na nusu na kilo nne za kuni kavu. Kuni mbichi hutumia zaidi, maana moto hukausha kuni kwanza ndipo upashe maji. Katika wilaya inayopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kukausha kuni na kuzihifadhi chini ya paa kabla ya masika ni akiba kamili, wala si kazi ya ziada.

Mkaa nao hauepushi upotevu, bali huuhamisha. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hutokana na si chini ya kilo tano za kuni. Mnunuzi wa Kyela haoni kuni hizo, lakini mlima unaziona. Miteremko ya Rungwe na Milima ya Livingstone ndiyo inayolisha mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mlima ukivuliwa miti, mvua haikai. Hushuka na udongo wake hadi kwenye majaruba ya mpunga, nayo mafuriko hayachagui shamba la aliyekata mti na la asiyekata.

Tena upo moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majikoni ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Wanaouvuta zaidi ni kina mama na watoto waliobebwa mgongoni.

Jiko lililozungushiwa ukuta wa udongo, lenye mlango mdogo wa kuni na nafasi nyembamba kati ya ukuta na sufuria, laweza kupunguza kuni kwa thuluthi moja hadi nusu. Nchini Kenya, tangu miaka ya 1980, jiko la mkaa la bati lenye kikombe cha udongo ndani yake limeenea mijini na vijijini, likitengenezwa na mafundi wa kawaida. Mwambao huu haukosi ujuzi wa udongo. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vinavyouzwa katika soko la Lyulilo jirani na Matema, vimepikiwa na kuhifadhia maji kwa vizazi vingi. Mikono inayofinyanga chungu cha kustahimili moto ndiyo inayofaa kufinyanga kikombe cha jiko, na fedha ya jiko hilo ingebaki mwambaoni.

Aidha, zipo pumba za mpunga. Kila kilo 100 za mpunga zinapokobolewa huacha takriban kilo 20 za pumba, na mashineni pumba hizo mara nyingi hutupwa au kuchomwa bure. Pumba zikishindiliwa katika kopo kubwa la bati, na tundu likiachwa katikati na chini pembeni, huwaka taratibu kwa muda mrefu na kufaa kwa kazi ya kupasha maji. Jiko la namna hiyo liwashwe nje au mahali penye hewa, kamwe lisiwashwe chumbani.

Maji yakishapata moto, yatunzwe. Chupa ya chai huokoa moto wa pili na wa tatu. Asiye na chupa kubwa aweza kutumia kikapu kilichojazwa pumba au majani makavu ya migomba. Sufuria yenye kifuniko ikizikwa humo, maji hubaki ya moto kwa saa kadhaa.

JUA

Tambarare ya Kyela hupata jua la kutosha tangu mvua zinapopungua hadi masika yanaporudi. Njia isiyo na gharama kubwa ni pipa au dumu lililopakwa rangi nyeusi, likawekwa juani mahali pasipo upepo, limejazwa asubuhi na kutumiwa kabla jua halijatua. Likifunikwa kwa kioo au nailoni angavu hupata joto zaidi. Likiachwa hadi usiku bila kuzungushiwa kitu, joto hutoweka. Pipa lililojaa ni zito, kila lita ni kilo moja, hivyo lisipandishwe juu ya paa lisilo na nguzo imara.

Kwa wenye nyumba za wageni, zahanati, shule za bweni na familia zenye uwezo, ipo mitambo kamili ya jua. Bamba la mita mbili za mraba, siku ya jua zuri, laweza kupandisha lita 150 kwa nyuzi 28 hivi, yaani kutoka nyuzi 25 hadi 53. Tangi huwekwa juu ya bamba, na maji huzunguka yenyewe, kwa kuwa ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Hakuna haja ya pampu. Kwa kuwa Kyela iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi tisa na nusu hivi, bamba lielekezwe kaskazini, na liinamishwe walau nyuzi kumi ili mvua ilisafishe. Fundi anayelielekeza kusini huwa amenakili picha za nchi nyingine.

Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012 zikiyataka majengo yenye mahitaji ya zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yatumie mitambo ya jua. Kipimo hicho kinafaa kuwa mwongozo wa hiari hapa pia: anayevuka lita 100 kwa siku afanye hesabu ya jua kabla ya kununua hita ya umeme.

UMEME NA GESI

Familia ya watu wanne, kila mmoja akioga ndoo moja ya nyuzi 40 kwa siku, hutumia uniti 42 kwa mwezi kwa kuoga tu, hata kama hakuna kinachopotea. Kiasi hicho ni zaidi ya nusu ya uniti 75, kipimo ambacho kwa miaka mingi kimetumika kumtambua mtumiaji mdogo wa umeme. Kila mwenye nyumba azidishe uniti hizo kwa bei anayolipa, ndipo aamue.

Mwenye tangi la umeme alifunge blanketi la kuzuia joto, alirekebishe lisipite nyuzi 60, wala asilishushe chini ya hapo, maana vijidudu huweza kukua katika tangi la uvuguvugu. Hita ya kutumbukiza ndoo ichomolewe ukutani kabla mkono haujagusa maji. Kwa gesi, robo kilo hivi hutosha kuchemsha lita 20, ikiwa sufuria imefunikwa na mwali haupiti pembezoni.

MAJI YA KUNYWA

Wananchi wanakumbushwa kwamba maji yaliyopata joto katika pipa jeusi si maji salama ya kunywa. Uvuguvugu hauui vijidudu. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kabisa, yafunikwe, yapoe yenyewe. Penye uhaba wa kuni, maji yasiyo na tope yaweza kutiwa katika chupa safi za plastiki angavu, zisizozidi lita mbili, zikalazwa juani kwa saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Wakati wa mvua mfululizo njia hiyo isitegemewe.

HITIMISHO

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni la taifa, lakini litatimizwa au litashindikana jikoni. Nyumba haina haja ya kungoja mtambo wa gharama kubwa. Wiki hii ifunike sufuria na kuchanganya maji badala ya kuchemsha ndoo nzima. Mwezi ujao ijenge jiko. Kiangazi kikifika iweke pipa jeusi juani. Na fedha ya kakao ikiruhusu, ifikirie bamba la jua.

Haba na haba hujaza kibaba. Kila tita lisilokatwa ni saa moja ya kupumzika kwa mama, na ni mti mmoja uliobaki kuushika mlima usiteremke na mvua.