Stoo ya Majembe
(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mkuyuni, Mwanza)



Nimepewa dakika chache nizungumzie ombi la vijana wa kidato cha tatu. Wanataka stoo ya majembe waigeuze chumba cha picha. Kuta zote nne zitachorwa, na dari, na sakafu, ili anayeingia ajione yumo ndani ya picha yenyewe. Baadhi yetu wananong'ona kwamba fedha tulizochanga ni za viti, si za rangi. Kabla hatujapiga kura, naomba niungame kosa langu.

Mwaka 1978 nilikuwa kiranja. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake alikuwa Myeye, yaani mmoja wa wacheza nyoka wa Kisukuma, alichukua mkaa, majivu na udongo mwekundu akachora ndani ya stoo hiyo hiyo. Jioni nilipofungua mlango, nyoka walikuwa pande zote. Nilirudi kinyumenyume nikajikwaa kwenye ndoo, na wenzangu wakacheka. Kwa aibu ile nikaenda kumshtaki. Akaadhibiwa kupaka chokaa kuta zote, mimi nikimsimamia. Alipomaliza aliniambia, "Kiranja, umefuta daftari la baba." Sikumwelewa.

Nilimwelewa miaka mingi baadaye, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako zimehifadhiwa hati za Hans Cory. Bwana huyo, mzaliwa wa Austria, alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Mwaka 1953 kitabu chake juu ya michoro ya Wayeye kilichapishwa London. Michoro hiyo ilikuwa katika kuta za ndani za nyumba walimoingizwa wanachama wapya: nyoka, wanyama, na watu wa masimulizi ya chama. Kila picha ilikuwa na maana yake, na mwanachama mpya alifundishwa kwayo. Chumba cha kawaida kiligeuka darasa, na kuta zikawa vitabu. Nilifunga kitabu kile nikakumbuka ndoo yangu ya chokaa.

Wala mambo haya hayakuishia kwa Wayeye. Nendeni Bujora, hapo Kisesa. Padre David Clement, mtu wa Canada, alijenga huko pamoja na Wasukuma kanisa la mviringo mfano wa nyumba ya msonge, na katika makumbusho limo jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Mgeni huanza kujifunza akiwa bado mlangoni.

Ndugu zangu, viti tutanunua, na vitavunjika, tutanunua vingine. Lakini kijana aliyezuiwa kusema alichonacho, hatujui kama atasema tena. Gharama yenyewe si kubwa: mkaa na udongo mwekundu tunavyo, chokaa ni rahisi, na bati linalovuja linahitaji kuzibwa hata kama hatutachora kitu.

Nanyi vijana, mkipewa chumba, chukueni majukumu yake. Choreni mnayoyajua: ziwa, mawe haya ya Mkuyuni, akina mama wa dagaa, safari za wazazi wenu. Yaliyo siri ya wazee msiyaguse mpaka muwaulize wenyewe. Na kila mwaka waachieni wadogo zenu sehemu ya ukuta.

Yule mwenzetu hatukuonana tena baada ya kidato cha nne. Nimemtafuta nimwombe radhi, sijampata. Kama gazeti hili litamfikia, ajue kwamba naomba ukuta wa mashariki uachwe wazi kwa ajili yake.

Ndugu Mwenyekiti, naunga mkono hoja. Na gharama ya bati ni juu yangu.