Mkopo wa Maji: Jinsi Mwili Unavyomeng'enya na Kufyonza Chakula

Mhadhara wa umma



Somo la mmeng'enyo wa chakula wengi wetu tulilipitia shuleni. Tulichora mchoro, tukakariri majina ya vimeng'enya, tukafaulu mtihani, yakaisha. Mchoro ule ulitufundisha chakula kinapita wapi, lakini uliliacha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha somo lote. Kabla mwili haujapata chochote kutoka kwenye chakula, sharti utoe kwanza, na unachotoa ni maji. Mtu mzima hupata kama lita 2 za maji kwa siku kutokana na kula na kunywa. Juu ya hizo, mwili wake humwaga ndani ya njia ya chakula lita nyingine 7 hivi: mate, majimaji ya tumbo, nyongo, majimaji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Jumla ni takriban lita 9. Zinazotoka na kinyesi ni mililita 100 hadi 200 tu. Zote zilizosalia hurudi kwenye damu.

Huo ni mkopo. Damu huukopesha utumbo maji kila siku, na kila siku hulipwa. Hoja yangu ya leo ni kwamba uhai wetu unategemea ulipaji huo kuliko tunavyodhani, na kwamba mzazi anayeelewa maji yanavyorudishwa anaweza kumwokoa mtoto wake akiwa jikoni kwake, kabla hajafika zahanati.

Kutoka mdomoni hadi tumboni

Tuchukue tonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi wa maharage, na mchicha wa kukaanga pembeni. Ugali ni wanga, na wanga ni minyororo mirefu ya glukosi iliyoshikana. Jikoni kazi imeshaanza: maji ya moto yameingia kwenye chembe za unga, zikavimba na kulegea. Meno hupunguza ukubwa wa tonge, na mate, ambayo hufikia lita 1 hadi 1.5 kwa siku, hulilowesha. Ndani ya mate kuna kimeng'enya kiitwacho amilesi, nacho huanza kuikata minyororo ile. Jaribuni wenyewe: tafuneni kipande cha ugali mtupu kwa muda bila kumeza, mtasikia utamu ukijitokeza. Utamu huo ni sukari ya maltosi iliyotoka kwenye wanga.

Tonge likimezwa hupita kwenye umio, mrija wa sentimita kama 25. Misuli ya umio hubana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, ndiyo maana mgonjwa anaweza kumeza akiwa amelala chali.

Tumboni, tonge hukutana na asidi kali ya hidrokloriki. Asidi hiyo hufungua maumbo ya protini za maharage ili kimeng'enya cha pepsini kizikate. Huua pia vijidudu vingi vilivyoingia na chakula. Kwamba majimaji ya tumbo huyeyusha chakula, tulilijua kwa uhakika kutokana na mkasa wa mtu mmoja. Mwezi Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana Alexis St. Martin, kibarua wa biashara ya ngozi za wanyama, alipigwa risasi ubavuni. Alipona, ila jeraha liliacha tundu lililofika hadi tumboni. Daktari wake, William Beaumont, alifunga vipande vya chakula kwa uzi wa hariri, akavitumbukiza tunduni, kisha akavitoa kuviangalia. Alichota majimaji ya tumbo akayatia kwenye chombo na kuyapasha joto, nyama ikayeyuka humo nje ya mwili. Matokeo aliyachapisha mwaka 1833, na ubishi wa muda mrefu kuhusu tumbo, kama linasaga chakula, linakiozesha au linakiyeyusha, ukapata jibu. Tunamkumbuka daktari. Ni haki tumkumbuke pia yule kibarua maskini, kwa sababu elimu hii ilitoka mwilini mwake.

Utumbo mwembamba

Chakula kikitoka tumboni kimeshakuwa uji mzito wenye asidi. Mwanzoni mwa utumbo mwembamba kongosho huumwagia uji huo bikabonati ya kuzimua asidi, pamoja na vimeng'enya vya kukata wanga, protini na mafuta. Ini nalo huleta nyongo. Nyongo haikati kitu. Hutawanya mafuta yawe matone madogo mno ili vimeng'enya viyafikie. Hapa mtaona kwa nini mama zetu hawakukosea kuukaanga mchicha. Mwili hutengeneza vitamini A kutokana na karotini ya mboga za majani, na karotini haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Kijiko cha mafuta au tui la nazi kwenye mboga kina kazi zaidi ya ladha.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba una mikunjo, mikunjo imejaa vinyweleo viitwavyo vili, na kila seli ya vili ina vinyweleo vidogo zaidi juu yake. Vitabu vya zamani vilisema eneo hilo likitandazwa lingetosha uwanja wa tenisi. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Sweden, Helander na Fändriks, walilipima upya kwa hadubini wakapata takriban mita za mraba 30. Ni dogo kuliko tulivyofundishwa, lakini bado ni eneo kubwa ajabu kuwamo ndani ya mtu mmoja. Na seli zake hazikai: huishi siku 3 hadi 5, zikang'oka, mpya zikashika nafasi.

Naomba sasa tutulie kwenye seli moja tu, kwa maana hapa ndipo mkopo unapolipwa. Upande wa nyuma wa seli, unaoelekea kwenye damu, kuna pampu zinazotoa sodiamu nje bila kupumzika. Kwa hiyo ndani ya seli sodiamu huwa chache, na iliyomo utumboni hutafuta njia ya kuingia. Upande wa mbele, unaoelekea kwenye chakula, kuna protini bebaji. Protini hii hushika chembe mbili za sodiamu na molekuli moja ya glukosi, ikaziingiza pamoja. Glukosi peke yake hupita kwa shida, na sodiamu kwa njia hii haipiti bila mwenzake. Zikishaingia, maji huzifuata, kwa sababu maji siku zote huelekea kwenye chumvi na sukari nyingi. Mwanasayansi Robert Crane aliieleza nadharia hii kwenye mkutano jijini Prague mwezi Agosti 1960. Wakati ule ilionekana jambo la wataalamu wachache. Nitarudi kwake.

Glukosi na asidi amino huingia kwenye mishipa ya damu inayokwenda kwanza kwenye ini. Mafuta hupita njia nyingine: hufungwa upya ndani ya seli, yakaingia kwenye mirija ya limfu, na kumwagwa kwenye damu karibu na moyo.

Kinachobaki, yaani nyuzinyuzi na maji kama lita 1.5, hufika utumbo mpana. Humo bakteria huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi zinazolisha seli za utumbo wenyewe, na maji ya mwisho hurudishwa. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi Kampala, aliona kwamba watu wa vijijini waliokula nyuzinyuzi nyingi walipata choo kingi na laini kwa muda mfupi kuliko Waingereza. Katika miaka ya 1970 aliitumia hoja hiyo kuihimiza dunia irudie vyakula visivyokobolewa. Wakati miji yetu inazidi kupenda sembe nyeupe, ni vyema tukumbuke kwamba ushahidi wake aliukusanya kwetu.

Mkopo usipolipwa

Wako watu wazima wengi ambao wakinywa maziwa mabichi tumbo huunguruma na kuharisha. Sababu ni kwamba kimeng'enya cha laktesi, kinachokata sukari ya maziwa, hupungua baada ya utotoni. Sukari isiyokatwa haifyonzwi. Hubaki utumboni ikivuta maji, na bakteria huichachusha ikatoa gesi. Jamii nyingi za wafugaji zimerithi mabadiliko ya vinasaba yanayokifanya kimeng'enya hicho kiendelee kuwapo maisha yote. Mwaka 2007 timu ya mtafiti Sarah Tishkoff, baada ya kupima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, ilichapisha mabadiliko matatu ambayo hayakuwa yamejulikana, tofauti na lile la Ulaya. Mwili wa Mwafrika Mashariki ulipata jibu lake wenyewe.

Kwa maziwa, maji yanayocheleweshwa ni machache. Kwa kipindupindu, mkopo hauna mwisho. Mwaka 1869 na 1870 ugonjwa huu uliipiga Zanzibar, na daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu huko, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko ya Afrika Mashariki na njia ilizopita. Alizijua njia za nchi kavu na za bahari. Kinachotokea ndani ya seli hakuna aliyekuwa anakijua. Ilikuwa mwaka 1959 ndipo mtafiti Sambhu Nath De, kule Calcutta, alipothibitisha kwamba bakteria wa kipindupindu hutoa sumu inayofanya kazi utumboni. Sumu hiyo huzilazimisha seli zimwage kloridi mfululizo, na maji huifuata. Mgonjwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Haliwi wala hachomwi na kitu, anakauka.

Lakini sumu ile haiigusi protini bebaji ya Crane. Seli inayomwaga maji kwa kasi bado ina uwezo wa kupokea sodiamu na glukosi, na kupitia hizo kuyarudisha maji. Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari David Nalin, Richard Cash na wenzao walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wakinywa maji yenye chumvi na glukosi kwa kipimo sahihi, mahitaji ya dripu hupungua sana. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma mamilioni ya watu hadi India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya Bangaon. Akachanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa, akawapa ndugu wa wagonjwa vikombe wawanyweshe. Vifo, vilivyokuwa karibu asilimia 30, vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Wauguzi waliokuwa wamebaki ni wachache. Walioifanya kazi ni mama, kaka na shangazi wenye vikombe.

Gramu 20.5

Mchanganyiko huo wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini leo huitwa ORS, na pakiti yake inayotolewa kwenye zahanati zetu ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitireti. Jumla gramu 20.5, za kuchanganywa na lita 1 ya maji safi. Hesabu yake imelenga kuitumia ile protini bebaji, ingawa ndani ya pakiti molekuli za glukosi na chembe za sodiamu zimelingana idadi. Ndiyo maana soda na juisi si mbadala. Sukari yake ni nyingi kupita kiasi na chumvi yake kidogo, na mmeona sukari iliyozidi inavyovuta maji utumboni. Vivyo hivyo, anayeikoroga pakiti kwenye nusu lita ili "iwe kali" anaiharibu dawa. Pakiti ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, kwenye lita 1 ya maji safi, vitasaidia wakati mkiwa njiani kwenda kituo cha afya.

Nawaomba mlishike hili, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokata tamaa: ORS haizuii kuhara papo hapo. Mtoto atanywa na ataendelea kuhara, na bibi au jirani atasema maji ndiyo yanayoongeza ugonjwa. Tumjibu kwa heshima, lakini tusikubali. Kinachoua ni deni la maji, na deni linalipwa wakati kuhara kunaendelea. Mpe kidogo kidogo kwa kikombe na kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea taratibu zaidi. Asiachishwe ziwa wala asinyimwe uji, kwa kuwa seli zake za utumbo zinahitaji chakula zijijenge upya. Apewe madini ya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Macho yakiingia ndani, ngozi ya tumbo ikifinywa ikachelewa kurudi, akalegea au akashindwa kunywa, asicheleweshwe nyumbani hata saa moja.

Kipindupindu hakijatuacha. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya Tanzania. Maji safi na vyoo bora ndiyo kinga, na serikali zetu zina wajibu ambao mhadhara hauwezi kuuchukua. Ila chuo kikuu nacho kina wajibu wake. Walimu wenzangu wa biolojia, tusiwaache wanafunzi waishie kwenye mchoro. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayeweza kueleza sodiamu inavyoingia na glukosi anaweza pia kumweleza mama yake kwa nini pakiti ile ikorogwe kwenye lita moja kamili, na mama akiijua sababu hatayumbishwa na jirani.

Kila nyumba iliyo na mtoto wa chini ya miaka 5 iwe na pakiti mbili za ORS kabatini, na awepo mtu anayejua kuzikoroga. Mkitoka hapa, pitieni duka la dawa.