KULINDA MAHALI NA KULINDA MTU

Mwalimu, hakikisha ubao umefutwa na chaki ipo karibu, maana leo tutachora. Wanafunzi, fungueni madaftari mwandike maneno matatu. Nitayasoma polepole. Eneo. Mpaka. Pengo. Eneo ni mahali penye mipaka yake. Mpaka ni pale eneo moja linapokwisha na jingine linapoanza. Pengo ni nafasi iliyo wazi pasipotakiwa kuwa wazi, kama pengo la jino.

Leo tunazungumza juu ya ulinzi. Kila aliyepata kuamia ndege katika shamba la mpunga anajua kwamba kuna njia mbili. Watoto wanne wanaweza kugawana shamba, kila mmoja na dungu lake na pembe yake. Ndege wakitua pembe yangu, nawafukuza mimi. Wakiruka kwenda pembe yako, ni kazi yako. Huko ni kulinda mahali. Au mtoto mmoja anaweza kushika kundi moja la ndege, akalifuata popote liendapo, mpaka achoke. Huko ni kulinda mtu, ingawa hapa mtu mwenyewe ni ndege.

Wamarekani wana mchezo ambao umechunguza jambo hili kuliko michezo mingi niijuayo. Wao wanauita mpira wa miguu, lakini sisi tukiutazama tunashangaa, kwa maana mpira ule si mviringo, umechongoka huku na huku kama yai, na mara nyingi hushikwa kwa mikono. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Wenye mpira wanapewa nafasi nne za kusogea mbele kama mita 9. Wakifaulu, wanapewa nne nyingine. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Nyuma yao yuko mrushaji. Yeye huupokea mpira, hutazama wenzake wanaokimbia mbele, kisha humrushia mmoja wao.

Mwalimu, chora uwanja ubaoni. Upana wake ni kama mita 49. Walinzi wako ni 11. Wanne wanamkimbilia mrushaji ili wamwangushe. Wanabaki wangapi? Saba. Katika mpango mmoja ujulikanao sana, wanne kati ya hao saba wanasimama karibu, na watatu wanakaa nyuma kabisa. Watatu hao wanagawana upana wa uwanja: mmoja kushoto, mmoja katikati, mmoja kulia. Gawanyeni 49 kwa 3. Kila mmoja ana kama mita 16 za kulinda. Hamfuati mtu yeyote. Analinda mahali pake.

Faida yake ni kubwa. Mlinzi anayemfuata mtu humtazama mtu huyo, akampa mgongo mrushaji, na mpira hauoni mpaka umekwisha kumpita. Mlinzi wa mahali macho yake yako mbele. Anamwona mrushaji, anaona mkono unapoinuka, naye huweza kuukimbilia mpira na kuunyakua hewani. Tena akiteleza, mwenzake yu karibu. Lakini mlinzi wa mtu akiteleza, mtu wake amekwenda zake. Na tena mlinzi wa mahali hachoki upesi, wala haburutwi huku na huku na mkimbiaji mwenye mbio kumshinda.

Sasa tazameni ubaoni tena. Nyuma mna watatu. Je, kama wenye mpira watapeleka wakimbiaji wanne, wote wanyooke mbele moja kwa moja? Wanne kwa watatu. Mlinzi wa katikati atajikuta na wawili, mmoja mkono huu na mmoja mkono huu. Akienda kulia, mrushaji atarusha kushoto. Hakufanya kosa lolote mlinzi yule. Hesabu ndiyo iliyomshinda.

Kuna udhaifu wa pili, nao ndio nitakao mwandike. Mkimbiaji mwerevu haendi kusimama katikati ya eneo la mlinzi. Anakwenda mpakani, pale maeneo mawili yanapokutana. Mlinzi wa kushoto anasema moyoni, huyu ni wa mwenzangu. Wa kulia anasema hivyo hivyo. Wote wawili wako mahali pao, wote wawili wametii, na mtu yuko peke yake kati yao, anaupokea mpira kama mgeni anayepokea maji ya kunywa. Pale ndipo penye pengo. Kwa sababu hiyo walinzi hodari wa mchezo ule hawanyamazi. Wanapigiana kelele: anakuja kwako! nakuachia! Bila sauti ile, ulinzi wa eneo ni mistari ya chaki tu.

Sasa tuache uwanja wa michezo, twende Tabora, maana mahali hapo jambo hili lilipimwa kwa damu.

Mwaka 1871 Tabora na vijiji vya jirani, nchi ya Unyanyembe, palikuwa kituo kikubwa cha misafara. Njia ilitoka Bagamoyo ikafika hapo, kisha ikagawanyika: moja kuelekea magharibi hadi Ujiji, na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Uganda. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watumwa pia. Waarabu waliokaa hapo hawakujenga ukuta mmoja wa kuzunguka mji. Kila tajiri alikuwa na tembe lake, nyumba ya mraba yenye kuta nene za udongo, paa la bapa, na ua katikati. Tembe moja lilikuwa ngome kamili kwa mwenyewe. Watu wachache wenye bunduki waliweza kukaa ndani na kuwazuia wengi. Lakini kati ya tembe na tembe palikuwa na mashamba, na vichaka, na njia za watu wote.

Upande wa magharibi alikuwako Mtemi Mirambo wa Urambo. Mwaka ule aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakakata shauri kumpiga. Wakati huo Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la Marekani kumtafuta Dakta Livingstone, alikuwa Kwihara karibu na Tabora, naye akajiunga nao. Kwa hesabu yake jeshi lilikuwa na watu 2,255. Mwezi wa Agosti walikiteka kijiji cha Zimbizo. Kisha kijana mmoja, Soud bin Sayd bin Majid, akachukua watu kama 500 akaenda kuuteka mji wa Mirambo wa Ulyankulu. Akaingia. Akakuta pembe, akakuta mateka, akabeba vyote akarudi.

Mirambo hakung'ang'ania mji. Alitoka na watu wake, akajificha katika nyasi ndefu pande zote mbili za njia. Wale walipokuja na mizigo kichwani, akawaangukia. Soud aliuawa pamoja na Waarabu aliokuwa nao, na jeshi zima likavunjika likakimbia.

Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo alikuja Tabora yenyewe, pamoja na Wangoni walioitwa Watuta. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Waarabu wengi walibaki ndani ya tembe zao. Kila mmoja alilinda pake. Ukiuliza kama walifanya vibaya, jibu si jepesi, kwa sababu kuta zile zilikuwa nguvu yao, na mtu aliyebaki ndani alikuwa na matumaini mema ya kuiona kesho. Lakini mzee mmoja wao, Khamis bin Abdullah, hakukubali kukaa akitazama mji ukiteketea. Alitoka na wachache, pamoja na watumwa wake wenye bunduki. Watumwa wale wakamkimbia, naye akauawa. Wako wanaomsifu kwa ushujaa, na wako wasemao alikuwa na haraka. Mimi naona kwamba alitoka katika eneo lake, na hakuna jirani aliyetoka kuziba pengo. Mtu mmoja akitoka ni kifo. Wangetoka wote kwa shauri moja, labda habari ingekuwa nyingine. Na wale watumwa, tusiwalaumu upesi: kwa nini wafe kwa ajili ya mlango usio wao?

Kama robo ya Tabora ilichomwa moto siku ile. Kule Kwihara Stanley aliona moshi na kuona watu wakikimbia. Alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe, akachimba mashimo ya wapiga bunduki, akakata miti iliyokuwa karibu ili adui asipate pa kujificha, akatweka bendera ya Marekani juu. Alijiandaa vizuri sana. Mirambo hakwenda kwake. Ndiyo tabia ya ulinzi wa eneo: eneo lenye nguvu huachwa, na adui huenda kwa jirani.

Lakini msidhani Mirambo alikuwa nje ya hesabu hii. Yeye pia alikuwa na eneo lake, nalo ni njia ya magharibi. Tarehe 20 Septemba 1871 Stanley alitoka Kwihara, hakuelekea magharibi, bali alikwenda kusini, akapita Ugunda na Ukonongo, akazunguka mbali, ndipo akapanda kaskazini kuuvuka mto Malagarasi. Mwezi wa Novemba aliingia Ujiji akamkuta Livingstone. Mlinzi alikuwa imara mahali pake, na mkimbiaji amepita pembeni. Mirambo aliendelea kutawala Urambo na nchi kubwa mpaka alipofariki mwezi wa Desemba 1884.

Nitataja jambo la Isike, mtemi wa Unyanyembe, kwa maneno machache. Boma lake la Tabora lilikuwa na kuta nene, na mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892 yalishindwa kulivunja. Walirudi mwezi wa Januari 1893, wakaingia. Isike alijilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Eneo alilolilinda lilikuwa imara, lakini halikuwa na jirani.

Wazee wengi wa upande huu wanakumbuka habari ya karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi, watu wa upande wa Kahama walianzisha sungusungu, na desturi hiyo ikaenea upesi Usukuma na Unyamwezi. Kila kijiji kililinda njia zake kwa upinde na mishale. Huo ni ulinzi wa eneo. Lakini mwizi alipoonekana, filimbi ililia na yowe likapigwa, kijiji cha pili kikaitikia, kikatoka kuzikinga njia zake kabla mwizi hajafika, kisha cha tatu. Aliyevuka mpaka hakupata pengo, alikuta watu wamesimama. Palikuwa na ubaya wake pia, nao haufichiki: washukiwa wengine walipigwa na hata kuuawa pasipo hukumu, na wanawake wazee wakasingiziwa uchawi. Yowe husema kwamba mtu anakuja. Halisemi kama ana hatia.

Mwalimu, sasa zima redio, darasa lijibu maswali haya kwa mdomo, kisha kwa maandishi.

La kwanza: uwanja una upana wa mita 49. Tukiweka walinzi wanne nyuma badala ya watatu, kila mmoja atalinda mita ngapi? Na mbele watapungua wangapi?

La pili: kwa nini Mirambo hakukaa ndani ya Ulyankulu kuulinda?

La tatu: katika kijiji chenu, usiku, mpaka kati ya zamu moja na nyingine ni wapi, na ni nani anayesimama hapo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.