Majuma Matatu Kabla ya Yai: Kutunza Mbegu za Kuchi, Kishingo na Kidimu Uani



Nilipoombwa nizungumzie utotoaji wa vifaranga vya kuku wa mbegu adimu, nilijua wengi wenu mtatarajia nianze na mashine. Mashine nitaifikia, ila haitachukua muda wetu mwingi. Tangu nianze kufuga hapa Tanga sijapoteza mbegu hata mara moja kwa sababu ya mashine. Nimeipoteza kwa sababu ya jogoo.

Kuku ninaowazungumzia ni hawa ambao bibi zetu waliwapa majina. Kuchi, mrefu wa shingo na miguu, asimamaye wima hata mgongo ukateremka kama paa la makuti. Kishingo, shingo tupu. Kidimu, ambaye manyoya yake yamejipinda kuelekea kichwani, ukimwona kwa mbali utadhani amenyeshewa na mvua akajikung'uta. Kibutu, asiye na mkia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamewapima kuku wetu wa asili na kuonyesha kwamba neno "kienyeji" limefunika mengi: jogoo wa kuchi hukaribia kilo 2.7, ilhali wa aina ya Ching'wekwe hukomea kwenye kilo 1.6 hivi. Na vinasaba vya kuchi vimekutwa na udugu wa upande wa mama na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Kuku huyu tunayemwona akichakura jalalani ana ukoo uliovuka bahari.

Leo mitaa imejaa kuku wa kigeni, Sasso na Kuroiler, na machotara wao. Sina ugomvi nao. Wanakua upesi na wamesomesha watoto wengi. Shida ni kwamba jogoo wao hajui mpaka wa ua.

Mwaka mmoja nilinunua mtetea wa kuchi aliyenyooka kabisa, miguu ya manjano, undu mdogo uliolala kichwani. Siku ya pili nikamfungia na jogoo wangu wa kuchi. Siku ya sita nikaanza kukusanya mayai, nikapata kumi na moja, nikamwekea kuku mwingine ayaatamie. Vifaranga tisa walitoka, nikafurahi sana, wawili nikawaahidi rafiki zangu. Walipofika miezi miwili nikaona miguu haipandi. Vifua vilikuwa vipana, mapaja mafupi, shingo nene. Sita kati ya tisa walikuwa watoto wa jogoo wa kule mtetea alikotoka, na jogoo huyo hajawahi kukanyaga uani kwangu.

Sababu ni hii. Ndani ya njia ya mayai ya kuku jike kuna vijifuko vidogo vinavyohifadhi mbegu za dume. Jogoo akishampanda, mbegu zile hukaa hai humo kwa siku nyingi, mara nyingi wiki mbili, pengine hata tatu, na kila yai linaloteremka hurutubishwa kutoka kwenye akiba hiyo. Kumwondoa jogoo leo hakufuti alichokiacha jana. Kwa hiyo sasa mtetea yeyote mgeni namtenga majuma matatu kamili bila dume. Mayai anayotaga siku hizo ni ya kukaanga, hata kama moyo unauma. Majuma hayo yakitimia ndipo namwingiza jogoo ninayemtaka, na mayai ya kutotolesha naanza kuyahesabu baada ya wiki moja. Kinachonunua mbegu safi ni subira hiyo pamoja na banda lenye wavu mzima. Kwa kuchi nakaza zaidi: majogoo wawili hawakai pamoja, watauana, na kila mmoja nampa mitetea watano tu.

Ndugu zangu, kishingo ndiye mwalimu mzuri wa urithi kwa sababu hafichi kitu. Mshike kifaranga wa siku moja, mgeuze shingo kwenye mwanga. Ngozi ikiwa tupu, nyekundu kiasi, pande zote, huyo amerithi ukishingo kwa baba na kwa mama. Ukiona kishada cha malaika mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, huyo amerithi kwa mzazi mmoja. Ukiwapandisha wawili wenye kishada, tarajia kwamba robo ya vifaranga watakuwa na shingo tupu, nusu watakuwa na kishada kama wazazi wao, na robo watatoka na manyoya kamili. Msiwatupe hao wa manyoya. Ni nyama na mayai kama kawaida, ila usiwategemee kuendeleza mbegu. Na kwa joto letu la pwani kishingo ana faida ya kweli: manyoya yake ni machache mwili mzima, hivyo hupoa upesi, na mwezi Februari utamwona anakula wakati wengine wametanua mabawa kivulini wakihema.

Kidimu ana sharti lake. Usimpandishe kidimu kwa kidimu. Robo ya watoto watapata ukidimu mara mbili, na manyoya yao huwa makavu, hukatika, hata kuku akabaki nusu uchi, akiteseka kwa baridi na kwa jua. Mpandishe na kuku wa manyoya ya kawaida mwenye umbo zuri. Nusu watakuwa kidimu, na hao wanatosha.

Sasa mayai. Yakusanye mara mbili kwa siku, usiyaoshe, yaweke mahali pa baridi ncha nyembamba ikiwa chini, yasizidi siku saba. Mayai yaliyosafiri kwa basi yapumzishe siku nzima kabla ya kuyaatamisha. Mimi natumia koo wadogo wa kienyeji kulalia mayai ya kuchi, kwa sababu kuchi mwenyewe ni mzito na ameshanivunjia mayai mengi kiotani. Koo mdogo hufunika mayai kumi bila taabu. Mwenye mashine yenye feni ashike joto la nyuzi 37.5, ageuze mayai hadi siku ya 18, kisha aache kuyagusa na aongeze unyevu hadi siku ya 21. Umeme wetu mnaujua; kuwa na blanketi karibu na usifungue mlango kila dakika.

Usiku wa siku ya saba mulika kila yai kwa tochi gizani. Yai lenye uhai lina nukta nyeusi inayochezacheza, na mishipa imetawanyika kama miguu ya buibui. Lililo angavu tupu halikupata dume. Lenye duara la damu limekufa. Litoe kabla halijawa viza na kupasuka chini ya koo.

Kuhusu ugonjwa wa kideri sitarefusha: hauna tiba. Chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kila miezi mitatu, na ikiwezekana wachanjeni pamoja na majirani. Kundi adimu la kuku kumi na watano linaweza kuisha ndani ya wiki moja.

Jambo la mwisho ni damu mpya. Mwenye kundi dogo akibaki na jogoo yule yule, ataanza kumpandisha baba kwa binti, kisha kwa mjukuu. Mayai yatapungua urutubisho na vifaranga watakuwa dhaifu. Hakuna mmoja wetu anayeweza kufuga majogoo ishirini, lakini humu ukumbini tupo wengi. Ninapendekeza kila mmoja aandike daftarini majogoo alio nao, mbegu yao na walikotoka, na tubadilishane kila mwaka kabla ya mvua za masika. Mimi nimekuja na wawili wa kishingo, ndugu wa kiota kimoja, wote wa shingo tupu. Wako kwenye tenga pale nje chini ya mwembe. Mwenye kishingo wa ukoo mwingine, tukutane hapo wakati wa chai.