NGUVU YA JUA NA MALISHO YA ISIOLO

(Haya ni maneno ya hotuba waliyopewa wafugaji, waalimu na wafanya biashara wa Isiolo. Tumeyapiga chapa ili wasomaji wetu wa sehemu nyingine nao wapate faida yake.)



Nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mfugaji wa nchi hii amelizoea kwa macho, lakini si wengi waliokaa wakalihesabu. Nguvu imwezeshayo ngamia kutembea, na simba kurukia windo lake, na mtoto kucheza, yatoka wapi, na huishia wapi? Watoto wetu hufundishwa shuleni kuiita nishati.

Asili yake ni jua. Jua la Isiolo ni kali, lakini hakuna mtu wala mnyama awezaye kushiba kwa kuota jua. Kazi ya kulishika jua na kuligeuza kuwa chakula ni ya mimea. Jani bichi huvuta maji kutoka ardhini na hewa kutoka angani, na kwa nguvu ya jua huvifanya kuwa sukari, ndiyo mwanzo wa chakula chote cha malisho yetu. Hata hivyo hushika sehemu ndogo tu ya mwanga ulipigao, mara nyingi haifiki hata moja katika mia. Tena pasipo maji jani huacha kazi. Basi mvua za Machi hata Mei, na za Oktoba hata Desemba, ndizo mlango. Jua liko siku zote, bali mlango haufunguliwi ila na mvua.

Sasa tuifuate nguvu hiyo itokapo katika jani. Ng'ombe akila majani, sehemu hutoka katika mavi, na sehemu nyingine kubwa huteketea mwilini mwake kwa kupumua, kwa kutembea kwenda kisimani na kurudi, na kwa kuutia mwili joto. Kilichobaki, nacho ni kidogo, ndicho kigeukacho nyama, mafuta, maziwa na ndama. Mwaka 1942 Mmarekani mmoja, Raymond Lindeman, alitoa makala juu ya ziwa dogo la jimbo la Minnesota, akaonyesha jinsi viumbe viwezavyo kupangwa kwa ngazi, na nguvu ikapimwa itokapo ngazi moja kwenda ya pili. Tangu hapo wataalamu hutumia kadirio la sehemu moja katika kumi. Tuseme kwa mfano: vipimo 1,000 vya majani vyatoa vipimo 100 vya mla majani, na hivyo 100 vyatoa 10 vya mla nyama. Hilo ni kadirio tu. Kwa wanyama wenye damu ya joto, kama ng'ombe na simba, hupungua kuliko hapo.

Yafaa tushike neno moja: nguvu haizunguki. Maji huzunguka, mvua ikawa mto, mto ukawa mvuke. Mbolea nayo huzunguka, mavi yakawa udongo, udongo ukawa majani. Lakini nguvu ikiisha kugeuka joto la mwili hupotea angani, wala hakuna kiumbe awezaye kuirudisha katika jani. Kila siku lazima ishikwe upya.

Mkitaka kuona mambo hayo kwa macho, nendeni Buffalo Springs au Shaba, kando ya Ewaso Ng'iro. Mtaona choroa na punda milia wa Grevy wakila nyasi, swala twiga akisimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya mgunga, na twiga akila ya juu zaidi. Simba mtawatafuta sana, kwa kuwa simba mmoja huhitaji wanyama wengi chini yake, na wanyama hao huhitaji majani mengi zaidi.

Majani mengine hayaliwi yakiwa mabichi. Hukauka, yakawa chakula cha mchwa, na mchwa wakawa chakula cha muhanga na ndege. Mavi huliwa na wadudu wayabiringishao, na mizoga huliwa na fisi na tumbusi. Hapo nawaonya wale watiao sumu katika mzoga ili wamwue simba aliyewala ng'ombe wao. Sumu hufuata njia ile ile ya chakula. Mzoga mmoja waweza kuua tumbusi wengi, na tumbusi wakiisha, mizoga hukaa ikioza karibu na maji yetu.

Labda mtaniuliza, yote haya yatufaa nini sisi wenye mifugo? Yatufaa sana. Mnakumbuka ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha. Mlango ulifungwa, majani yakaisha, wala majani wakafuata. Kati ya Februari na Oktoba 2022 Idara ya Wanyamapori ya Kenya ilihesabu punda milia wa Grevy 49 waliokufa, na wanyama hao ni wachache mno duniani. Ng'ombe, kondoo na mbuzi waliokufa hamna haja ya kuambiwa na mtu.

Basi nataja mambo manne.

Kwanza, msiweke mifugo ya namna moja tu. Ng'ombe na kondoo hula nyasi, lakini ngamia na mbuzi hula majani ya miti na vichaka, ambavyo mizizi yake hufika mbali, hata hubaki vibichi nyasi zikiisha kukauka. Mwaka 1985 wataalamu waliopima nguvu katika malisho ya Turkana Kusini walitangaza hesabu zao, na kuchanganya mifugo ni jambo moja lililowawezesha watu wale kuishi katika nchi kavu.

Pili, thamini maziwa. Kwa kipimo kile kile cha majani, maziwa huwapa watu chakula kingi kuliko nyama, kwa kuwa mnyama hutoa kila siku naye yu hai. Maziwa ya ngamia yatokayo Isiolo kwenda Nairobi ni jua la huku lililokwisha kuwa fedha.

Tatu, zishikeni sheria za dedha. Wazee wa Waborana waliyagawa malisho: ya wakati wa mvua, ya wakati wa kiangazi, na ya akiba kwa ukame mkubwa. Nyasi iliyosimama katika akiba ni nguvu iliyowekwa. Tena jani likiliwa mapema mno, kabla halijakua, mmea hauna tena cha kulishikia jua, na hata mvua ikinyesha hupata kidogo. Aingizaye mifugo katika akiba kabla ya wakati huila njaa ya mwaka ujao.

Nne, uzeni mapema. Mnyama mnene amebeba ndani yake nguvu ya majani ya miezi iliyopita. Majani yakiisha, huyachoma mafuta yake mwenyewe ili aishi, na kila siku mali yako hupotea kuwa joto. Anayengoja hata mbavu zionekane hupeleka sokoni ngozi na mifupa. Najua ni vigumu kumtoa mnyama aliye mzuri. Lakini wachache wanaopata kushiba watakuletea ndama, na wengi wenye njaa watakuletea mizoga.

Mvua hatuwezi kuiamuru. Lakini jani lililokwisha kuota, na akiba iliyowekwa, na mnyama aliye mnene bado, hayo yamo mikononi mwetu. Nawaomba mkayazungumze nyumbani na katika mikutano ya dedha kabla kiangazi hakijafika.