Mieleka ya Kupangwa, Habari za Nani?



Vijana wanaoijua kazi yangu hupenda kunitania kwa swali moja. Ikiwa ile mieleka ya Wamarekani tunayoitazama kwenye televisheni imepangwa tangu mwanzo hadi mwisho, mwandishi wa habari za mieleka anaandika habari gani?

Swali ni la haki. Kwamba matokeo hupangwa si siri tena. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon yenyewe ilikiri hivyo mbele ya seneti ya jimbo la New Jersey, ikitaka isisimamiwe tena na tume ya michezo wala kutozwa kodi zake. Miaka michache kabla ya hapo, Desemba 1984, mwandishi wa televisheni John Stossel alimwambia mwanamieleka David Schultz usoni kwamba anaona mchezo huo ni uongo. Alizabwa vibao viwili vya masikio, na kila kimoja kikamwangusha chini. Hivyo havikuwa vya kupangwa.

Lakini kinachopangwa ni cha ulingoni tu. Mkataba ni mkataba, shingo iliyovunjika imevunjika, na mauti ni mauti. Juni 2007 Chris Benoit alimwua mkewe na mtoto wao wa miaka 7 nyumbani kwao Georgia, kisha akajiua. Jumatatu ya tarehe 25, siku miili ilipopatikana, kampuni ilirusha kipindi cha saa tatu cha kumwomboleza kama shujaa, kabla ukweli haujajulikana hadharani. Hapo ndipo mtu humhitaji mwandishi asiyelipwa na promota.

Kisa hicho kina upande wa pili. Saa kama 14 kabla polisi hawajaikuta miili, mtu alikuwa ameandika kwenye kamusi elezo ya Wikipedia kwamba mke wa Benoit amefariki. Watu wakauliza, huyu amejuaje? Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliokota uvumi tu, na kupatia kwake kulikuwa sadfa. Mimi uvumi wa namna hiyo hunitisha kuliko ule uliokosea, maana ukipatia mara moja, watu huuamini hata mara kumi zinazofuata.

Sasa, kazi yenyewe hufanywaje? Chukua Dave Meltzer wa California, ambaye jarida lake la Wrestling Observer lipo tangu miaka ya mwanzo ya 1980. Zana yake kubwa ni simu. Katika kila chumba cha kubadilishia nguo hakukosi mwenye kinyongo, na mwenye kinyongo huongea. Tatizo ni kwamba huyo anayeongea amezoea kulipwa kwa kuwapiga watu changa la macho, na bosi wake naye akishuku kuna siri zinavuja, anaweza kuachia ya uongo makusudi.

Novemba 9, 1997, mjini Montreal, bingwa Bret Hart alikuwa mbioni kuhamia kampuni pinzani. Alikuwa ameahidiwa kwamba pambano lingeisha kwa vurugu bila mshindi. Badala yake McMahon akaamuru kengele ipigwe, na mkanda ukaenda kwa Shawn Michaels. Waliokuwa wakitazama hawakujua kama wameona igizo au wizi. Meltzer aliandika kirefu, hatua kwa hatua, nani alimwahidi nani nini. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Wakanada waliokuwa wakimfuata Hart, nayo ilikuwa na sauti ya McMahon akizungumza na bingwa wake faraghani siku ile ile. Ushahidi wa aina hiyo ni nadra sana katika biashara hii.

Kinachoonekana zaidi kwenye mitandao ni kunakili. Mmoja huandika "inasemekana", kumi wakaichukua, na msomaji akadhani ana mashahidi kumi na mmoja kumbe ni yule yule mmoja. Sisi wa redio ugonjwa huo tunaujua, tusijifanye wageni.

Lakini uzito wa jambo hili ninaupima kwa mwaka 2022. Waliofichua kwamba McMahon alikubali kulipa zaidi ya dola milioni 12 kwa wanawake 4, katika muda wa miaka 16, ili wanyamaze, hawakuwa waandishi wa mieleka. Lilikuwa Wall Street Journal, gazeti la biashara. Wa mieleka walikuwa wakimjua mtu huyo kwa miaka arobaini. Nadhani sababu ni kwamba masikio yao yalikuwa chumba cha kubadilishia nguo, na habari ilikuwa kwenye makaratasi ya bodi ya wakurugenzi. Tena anayeishi kwa kupigiwa simu na wakubwa huogopa simu kukatika.

Habari hiyo ya dola milioni 12 ilitoka Julai 8. Tarehe 22 McMahon akatangaza kustaafu, na usiku huo huo, mjini Boston, binti yake Stephanie alipanda ulingoni akauongoza umati kuimba kwa pamoja kumshukuru baba yake.